Bukavu: ls inaniletea \303\250 badala ya è, na ✓ imegeuka kamstari. Shida iko wapi?

sekretaria_nyawera

Salamu kutoka Bukavu, wakubwa kwa wadogo.

Niko kwenye sekretaria publiki hapa Nyawera. Tunaandika, tunachapa, tunapiga fotokopi, tunafunga TFC (travail de fin de cycle, kazi ya kumalizia masomo). Wateja wetu wakubwa ni wanafunzi, na karibu kila mmoja analeta flashi yenye faili inayoitwa TFC_dernière_version_corrigée.docx. Keshokutwa anarudi na nyingine ya jina lile lile, imesahihishwa tena. Usipowatengea folda kila mtu yake, utachapa kazi ya mwingine na karatasi utailipa wewe.

Tuna mashine mbili, zote Debian 12, aina ya Linux. Ya mezani ina Xfce (mazingira ya madirisha na menyu), ndiyo ninayokaa mbele yake. Nyingine, seva yetu, ni kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza, haina skrini wala kibodi, inakula betri, kwa hiyo umeme ukikatika yenyewe haistuki. Faili za wateja zote ziko mle. Naingia kwa ssh (njia ya kuingia mashine nyingine kupitia mtandao), nafungua tmux (inaacha kazi ikiendelea hata nikikatika), naendesha skripti niliyoiandika: jina la faili, kurasa, na ✓ kwa aliyelipa.

Sasa nikiandika ls (amri ya kuorodhesha faili), iwe kwenye ya mezani au ya chini, napata hivi:

    'TFC_derni'$'\303\250''re_version_corrig'$'\303\251''e.docx'

Thunar (programu ya Xfce ya kutazamia folda) ikifungua folda hiyo hiyo, majina yamekaa vizuri kabisa. Na kila nikiingia kuna onyo hili:

    bash: warning: setlocale: LC_ALL: cannot change locale (fr_CD.UTF-8)

Umeme ukikatika, ya mezani inazima, basi naingia kwenye seva kwa simu kupitia wifi ya hapa hapa (ruta nayo iko kwenye betri) na kuunganisha tmux ile ile. Huko ✓ zote zimekuwa _ . Halafu safu za orodha zimepinda: jina lenye é linavuta namba ya kurasa kuelekea kushoto, lisilo na é linabaki mahali pake.

Tuna pia mwanafunzi wa lugha anayeandika juu ya toni. Faili yake ya maneno imejaa ɛ, ɔ, ŋ na alama za juu. Nikiisoma kwa cat (amri ya kumwaga faili kwenye skrini) ndani ya Xfce naiona sawa. Nikienda kwenye skrini nyeusi ya Ctrl+Alt+F2, vijiboksi.

Nimejaribu export LANG=fr_FR.UTF-8 kwenye ya mezani, onyo halikutikisika. Na jambo jingine, sijui kama linahusika: menyu za Xfce zilikuwa za Kifaransa, sasa zimekuwa za Kiingereza. Zimebadilika tangu fundi mmoja apite kurekebisha saa. Saa yenyewe iko sawa sasa, Africa/Lubumbashi, sina neno.

chuma_ya_goma

Yaya, hiyo ni fonti tu, usijisumbue. Weka hizi kwenye mashine zote mbili:

    sudo apt install fonts-noto fonts-noto-color-emoji

Ikikataa, chukua data pembeni, formati, weka Ubuntu mpya. Mimi huku Goma ndivyo nilivyofanya, nikalala usingizi.

mushi_wa_terminali

Mdogo wangu wa Goma, taratibu. fonts-noto ni mzigo mkubwa, na bando la huku kwetu halichezewi. Tena mashine yake ya chini haina skrini. Seva haichori herufi hata moja. Inatuma baiti tu kwenye waya. Ukiiwekea fonti zote za dunia hazitamwona mtu. Anayechora ni terminali iliyo mbele ya dada, ile ya Xfce au ile ya simu.

Dada, uliandika vizuri, ushahidi karibu wote uko kwenye swali lako. Tuusome.

Ukiona \303\250, hiyo ni namba ya baiti kwa hesabu ya nane. Baiti mbili, 303 na 250, ndizo è iliyo nzima kabisa ya UTF-8, usimbaji wa kisasa (usimbaji ni namna ya kugeuza herufi kuwa baiti), na 303 na 251 ndizo é. Jina la faili halijaharibika, na Thunar inathibitisha, maana yenyewe inachukulia kwamba majina yote ni UTF-8 bila kuuliza mtu. cat nayo inathibitisha: cat haifikiri, inamwaga baiti kama zilivyo, terminali inazichora, na ɔ inatokea. Kwa hiyo baiti ni nzima na fonti ipo. Aliyekwama ni ls. ls kabla ya kuandika herufi inauliza mfumo: "é inaandikika hapa?" Mfumo unajibu hapana, nayo kwa tahadhari inakuandikia namba.

Hilo jibu la hapana linatoka kwenye lokale, yaani ile mipangilio inayoiambia programu tuko kwenye lugha gani na usimbaji gani. Onyo lako limeshaitaja kwa jina. Hata menyu za Kiingereza ni ugonjwa huo huo: lokale ikishindwa kupakiwa, programu inarudi kwenye lokale ya msingi inayoitwa C, na kwenye C hakuna tafsiri wala herufi zenye alama.

Kama ingekuwa fonti, ungeona kijiboksi kitupu au chenye namba ndani. Kama terminali ingekuwa inasoma UTF-8 kana kwamba ni Latin-1 (usimbaji wa zamani wa Ulaya Magharibi), ungeona derniÃ¨re. Na baiti za Latin-1 zikiingia kwenye terminali ya UTF-8 utaona �. Kila ugonjwa una sura yake, na wewe huna hata mmoja wa hiyo mitatu, isipokuwa vijiboksi vya skrini nyeusi ambavyo tutavifikia.

Niletee matokeo ya amri hizi, kwenye mashine zote mbili:

    locale charmap
    locale -a
    grep -rs fr_CD /etc ~/.profile ~/.bashrc

sekretaria_nyawera

Asante yaya. Ya mezani:

    ANSI_X3.4-1968
    C
    C.utf8
    fr_FR.utf8
    POSIX
    /etc/environment:LC_ALL=fr_CD.UTF-8

Ya chini (seva):

    ANSI_X3.4-1968
    C
    C.utf8
    POSIX

Kwenye seva grep haikuleta kitu. Sasa inakuwaje inalalamikia fr_CD wakati haina neno hilo popote?

Na charmap hiyo ndiyo nini? Inafanana na namba ya kipuri.

mushi_wa_terminali

Hiyo ni ASCII, ile iliyochapishwa kama kiwango cha Marekani mwaka 1968. Nafasi 128, hakuna hata é moja ndani. Mashine zako zote mbili zinaamini ziko huko, wakati UTF-8 ipo tangu 1992, Ken Thompson na Rob Pike walipoichora kwenye karatasi ya meza ya mkahawa kule New Jersey. Wale jamaa walifanya jambo moja la akili: kila herufi ya ASCII ilibaki na baiti yake ile ile moja. Ndiyo sababu TFC_ na .docx zinasomeka hata mfumo ukiwa umepotea, na zinazoumia ni herufi zetu za Kifaransa peke yake.

Sasa mkosaji. Fundi wako aliweka LC_ALL=fr_CD.UTF-8 kwenye /etc/environment. Namwelewa: Kifaransa, fr, Kongo, CD, hatuko Ufaransa. Mantiki yake haina kasoro. Ila glibc, maktaba ambayo programu zote za Debian zinaiuliza mambo haya, haina fr_CD. Kwa Kifaransa ina fr_FR, fr_BE, fr_CA, fr_CH na fr_LU. Luxembourg imo, sisi hatumo. Ajabu ni kwamba ln_CD ipo, Lingala ya Kongo, na Kiswahili kina sw_KE na sw_TZ. Lakini usikimbilie ln_CD: herufi zitaonekana vizuri, ila tafsiri za programu kwa Lingala ni chache mno, kwa hiyo menyu zako zitabaki Kiingereza.

glibc ikiambiwa jina isilolijua haikuchagulii jirani yake. Haisemi "fr_CD sina, chukua fr_FR". Inakataa, programu inabaki kwenye C.

Kwa nini export LANG haikusaidia? Kwa sababu LC_ALL inafunika vyote. Ikiwepo, LANG haisomwi kabisa, hata ungeiandika kwa dhahabu. Ndiyo maana mimi siiweki LC_ALL kwenye faili ya kudumu. Ni ya kujaribia amri moja, basi.

Na seva inalipata wapi jina hilo? Kwako. Debian imepangwa hivi: upande wa mteja, /etc/ssh/ssh_config ina SendEnv LANG LC_*; upande wa seva, sshd_config ina AcceptEnv LANG LC_*. Kila unapoingia kwa ssh unabeba lokale yako mfukoni, na seva inaipokea badala ya yake. Kutoka kwenye simu, programu yako haibebi chochote, kwa hiyo unakuta ya seva yenyewe, ambayo ni tupu. Milango miwili, magonjwa mawili.

Ndiyo sababu _ unaiona kwenye simu tu. tmux haiulizi glibc kuhusu terminali yako. Inaangalia tu kama LC_ALL, LC_CTYPE au LANG ina maneno "UTF-8" ndani yake. Ukitokea mezani inaona fr_CD.UTF-8, inasoma hizo herufi za mwisho, inaridhika. Nchi hata haiitazami. Ukitokea kwenye simu haioni kitu, inadhani terminali yako ni ya zamani, na kila ambacho si ASCII inakiwekea _ .

Tiba. Mezani, fungua /etc/environment kama root (msimamizi wa mashine), futa mstari wa LC_ALL. Kisha:

    sudo update-locale LANG=fr_FR.UTF-8

Toka kwenye Xfce, ingia upya. Kufunga terminali tu hakutoshi.

Ukiishia hapo, mezani patapona na seva itaendelea kuumwa, maana sasa utaibebea fr_FR ambayo nayo haina. Uliona locale -a yake. Kwa hiyo kwenye seva:

    sudo apt install locales
    sudo sed -i 's/^# *fr_FR.UTF-8/fr_FR.UTF-8/' /etc/locale.gen
    sudo locale-gen
    sudo update-locale LANG=fr_FR.UTF-8

Mstari wa mwisho ni kwa ajili ya mlango wa simu. Wengine watakuambia weka C.UTF-8 kwenye seva, ni nyepesi na ipo tayari. Kweli, herufi zote zitaonekana. Ila C.UTF-8 inapanga majina kwa namba za herufi, kwa hiyo Édith atatupwa chini kabisa, baada ya Zawadi. Kwenye sekretaria hiyo ni kelele ya kila siku.

Mwisho, tmux. Ile iliyo wazi sasa ilizaliwa na lokale mbovu, na kila dirisha jipya utakalolifungua ndani yake litairithi. Kazi zilizo ndani zikiisha, tmux kill-server, anza upya.

katuba_root

Wa Lubumbashi hapa. Bwana Mushi amesema yote, naongeza viwili.

Anayetaka fr_CD kwa heshima ya nchi anaweza kuijenga mwenyewe:

    sudo localedef -i fr_FR -f UTF-8 fr_CD.UTF-8

Inachukua maelezo ya fr_FR na kuyaita fr_CD. Inafanya kazi. Tatizo ni kwamba locale-gen ya Debian inafuta hifadhi nzima ya lokale kabla ya kuijenga upya, kwa hiyo siku pakiti ya locales itakaposasishwa, fr_CD yako imeenda na unarudi kwenye \303\250 bila kujua umefanya nini. Tena pesa itaandikwa kwa yuro. Mimi niliiacha.

Cha pili, safu zilizopinda. Mama sekretaria, nabahatisha kwamba skripti yako ni ya bash na ina printf '%-40s', yaani andika jina kwenye safu ya nafasi 40. Lokale ikipona, safu hazitapona. printf ya bash inahesabu baiti, si herufi. é ni baiti mbili, inaihesabu mbili, kwa hiyo inaongeza nafasi moja pungufu, na safu inarudi kushoto kwa kila é. Jina lenye è na é pamoja linarudi hatua mbili. awk ya Debian nayo, ile ya mawk, ni hivyo hivyo. gawk inahesabu herufi.

Njia rahisi ni kuacha kuhesabu mwenyewe. Toa data ikiwa imetenganishwa na tab, kisha mpe column:

    ... | column -t -s $'\t'

column inajua upana wa kila herufi kwenye skrini, mradi lokale ni ya UTF-8. Na kwa aliyelipa baki na ✓, usishawishike na ✅ ya kijani. ✓ inachukua nafasi moja, ✅ ni emoji, inachukua mbili, na si kila terminali inakubaliana na programu juu ya hilo. Hapo safu itapinda tena na utamlaumu column bure.

chuma_ya_goma

Ok, nimejifunza. Kumbe nilifuta mashine nzima kwa mstari mmoja wa /etc/environment.

sekretaria_nyawera

Menyu zimerudi Kifaransa! Nimeshangilia hadi mteja akaniuliza kuna nini.

locale charmap inasema UTF-8 mezani na chini. Kwenye simu ✓ zinaonekana. Safu zimenyooka kwa column, na ni kweli yaya wa Lubumbashi, ilikuwa printf '%-40s', umeiona ukiwa mbali hivyo.

Lakini kuna majina ambayo hayajapona. Machache, yote ya folda za zamani:

    'M'$'\202''moire_Kadutu.doc'
    'Chapitre_premier_corrig'$'\351''.doc'

Hapa namba ni moja moja, si mbili mbili. Na kuna folda moja ina faili mbili zenye jina lile lile kabisa, herufi kwa herufi. Nilidhani haiwezekani faili mbili kuitwa sawa ndani ya folda moja.

mushi_wa_terminali

Jicho zuri. Namba ikiwa moja peke yake, hiyo si UTF-8 na hakuna lokale itakayoiponya. Hapa sasa jina lenyewe ndilo bovu.

\202 ni é ya CP850, usimbaji wa DOS wa Ulaya Magharibi. Mara nyingi inatoka kwenye zip iliyofungwa na Windows ya Kifaransa ya zamani: ilikuwa inaandika majina ndani ya zip kwa CP850 na haiachi alama yoyote ya kusema hivyo. \351 ni é ya Latin-1 au ya Windows-1252. Kwa é hizo mbili ni sawa. Hiyo labda ilipita kwenye mashine ya Linux ya kale au seva ya FTP.

Dawa ni convmv. Inabadilisha majina tu, ndani ya faili haigusi:

    sudo apt install convmv
    convmv -f cp850 -t utf8 -r folda_ya_dos/

Ikiendeshwa hivyo haifanyi kitu, inakuonyesha tu ambacho ingefanya. Soma orodha yote. Ukiona Mémoire_Kadutu.doc, rudia ukiongeza --notest. Ukiona M‚moire, ulichagua usimbaji usio wake. Usichanganye: za \202 zipe cp850, za \351 zipe cp1252, kila kundi kwenye folda yake. Jina ambalo tayari ni UTF-8 convmv inalitambua na kuliruka. Na ikikuta jina jipya tayari linatumiwa na faili nyingine inagoma, inakuandikia skipped. Kwa hao wateja wako wa dernière version, itagoma sana, na ni vizuri igome.

Zip mpya zikija, zifungue kwa unar badala ya unzip. unar inajitahidi kukisia usimbaji wa majina yenyewe, na kwa Kifaransa inakisia vizuri.

Kuhusu flashi: Xfce ikiiunganisha yenyewe hakuna shida. Kwenye seva unaiunganisha kwa mkono, basi ongeza utf8:

    sudo mount -o utf8 /dev/sdb1 /mnt

Bila hiyo, kutegemea kerneli (moyo wa Linux) ilivyopangwa, jina lenye ɔ linaweza kutokea na ? ndani yake, na faili inakataa kufunguka kwa sababu jina unaloliona silo lililo kwenye diski.

Hizo pacha mbili, bandika hapa matokeo ya:

    ls | grep -i version | hexdump -C

sekretaria_nyawera

Nimeangalia. Moja ina c3 a9 mahali pa é. Nyingine ina 65 cc 81.

toni_na_fonetiki

Naomba nijibu hili kwa sababu ndilo linalonisumbua kila siku (na nadhani ile faili ya maneno ni yangu, mama, samahani kwa usumbufu).

Unicode, orodha ya herufi za dunia ambayo UTF-8 inaisimba, inaruhusu é iandikwe kwa njia mbili. Ya kwanza ni herufi moja, U+00E9, ndiyo c3 a9. Ya pili ni e ya kawaida, 65, ikifuatwa na alama ya juu inayopanda juu ya herufi iliyotangulia, U+0301, ndiyo cc 81. Jicho haliwezi kuzitenganisha, lakini mfumo wa faili wa Linux unalinganisha baiti, kwa hiyo kwake ni majina mawili. Mac ndizo zinazopenda ile ya pili kwenye majina ya faili. Nahisi mteja wako mmoja ana Mac. convmv inaweza pia kugeuza majina ya njia ya pili yawe ya kwanza:

    convmv -f utf8 -t utf8 --nfc -r folda/

Kwa é inawezekana kwa sababu herufi moja ipo. Kwa ɔ́ haiwezekani. Hakuna herufi moja ya Unicode ya ɔ yenye toni ya juu, wala ɛ́. Sisi tunaoandika toni hatuna njia nyingine ila ile ya kupandisha. Mfano mɔ́tɔ, moto wa kupikia kwa Lingala:

    printf 'mɔ́tɔ' | wc -c
    printf 'mɔ́tɔ' | wc -m

Ya kwanza inasema 8, ya pili 5, na kwenye skrini zinachukua nafasi 4. Namba tatu kwa neno moja, zote za kweli. Ukitaka kujua kama terminali fulani inaziweza, mwagia baiti moja kwa moja, bila kupitia lokale:

    printf '\311\224\314\201\n'

Itoke ɔ yenye alama juu yake, kwenye nafasi moja. Alama ikikaa pembeni au ikiruka kwenye herufi inayofuata, lawama ni ya terminali au fonti. DejaVu Sans Mono inazo. Kutazama fonti nyingine zenye ɔ ulizo nazo:

    fc-list ':charset=0254' family

Swali langu sasa: kuandika. Kwenye Xfce nabonyeza Ctrl+Shift+U, 0254, Enter. Inafanya kazi lakini ni utumwa. Mwatumia nini?

katuba_root

    setxkbmap cd

Jaribu sasa hivi. Ni mpangilio wa kibodi wa Kongo, umo kwenye X (mfumo wa madirisha wa Linux) kwa miaka mingi, una msingi wa AZERTY ile ile uliyozoea, na umetengenezwa kwa lugha zetu: ɛ, ɔ, ŋ na alama za toni zimo. Kwenye mipangilio ya kibodi ya Xfce utaukuta kwenye orodha ya nchi. glibc imetusahau kwenye Kifaransa, lakini watu wa kibodi walitukumbuka.

toni_na_fonetiki

Yaani TFC nzima nimeiandika kwa Ctrl+Shift+U.

mushi_wa_terminali

Pole, mwanangu. Tesi ya pili itakuwa rahisi.

Dada, nilikuwa nimeahidi skrini nyeusi. Ile ya Ctrl+Alt+F2 si terminali kama ya Xfce, inachorwa na kerneli yenyewe, na fonti yake ina nafasi 256, au 512 ukikubali kupunguziwa rangi. Kifaransa kinaenea bila shida. Ukihitaji, sudo dpkg-reconfigure console-setup, chagua UTF-8 kisha kundi la herufi la Kilatini. ɔ na ŋ zitategemea fonti utakayoipata, toni za kupandisha usizitegemee, na emoji sahau kabisa. Faili ya huyu mwanafunzi isomee ndani ya Xfce, au kwa ssh kutoka kwenye simu.

sekretaria_nyawera

Nimeelewa, ile nyeusi nitaiachia kurekebisha Xfce ikianguka.

convmv imemaliza folda zote isipokuwa majina iliyoyagomea kama ulivyosema. Nimeyafungua moja moja na wenyewe wamekaa pembeni yangu wanachagua ipi ni ya mwisho. Wawili hawajui.

Na fundi wa saa amepita leo asubuhi. Nimemwonyesha mstari wake, ameunakili kwenye daftari, anasema ameuweka kwenye mashine za sekretaria nyingine mbili za Kadutu. Nimempa kiungo cha ukurasa huu.